Mume Asiyegeuka Nyuma

Jumatano, 2 Mei 1973

Siku ya tano ya kuwa mke wa mtu. Mke wa Hilaire! Kwenye makaratasi sasa ni citoyen Bolenge, raia Bolenge, serikali imekataza majina ya padri ya ubatizo – lakini daftari halina masikio, na mimi Pélagie nitamwita mume wangu kwa jina nililompendea.

Nyumba yetu: vyumba viwili, avenue ya sita, hapa commune ya Tshopo. Kitanda, meza, viti vinne, redio inayosema ikitaka. Asubuhi amevaa shati nililopiga pasi mwenyewe. Amekunywa chai, amesema chai ni tamu. Nilikuwa nimesahau sukari. Kama huo si upendo, basi sijui upendo ni nini.

Saa kumi na mbili na nusu ameenda kazini. Anaendesha camionnette, gari dogo la mizigo la kampuni ya kahawa. Nimesimama mlangoni nikipunga kitambaa mpaka alipofika kona. Hakugeuka. Bila shaka alikuwa anawaza gari.

Alhamisi, 3 Mei

Leo pia hakugeuka. Nikaita: Hilaire! Akasimama. Akabaki vile vile, mgongo kwangu, kama mtu anayengoja mvua ipite. Ikabidi nikimbie, kitenge mkononi, nimzunguke mpaka mbele. Hapo akacheka kwa meno yote.

"Péla, niko hapa. Sema."

Nimemwambia alete chumvi. Chumvi tunayo.

Jirani yetu Mama Kadidja, anayekaanga mikate midogo ya mafuta mbele ya mlango wake, aliona yote. "Shukuru Mungu, binti yangu. Mwanaume wa kugeuza-geuza shingo, ni wake za watu anaangaliaka."

Jumamosi, 5 Mei

Salongo, kazi ya lazima ya chama. Avenue nzima tumefyeka nyasi za mfereji, kila mtu na jembe lake, mkubwa wa chama akipita kuhesabu vichwa. Nimewekeana dau na Binti, msichana wa Mama Kadidja, tuko umri mmoja: kabla ya wiki kwisha nitamfanya mume wangu ageuke. Atakayeshindwa atatoa mikate kumi.

Jaribio la kwanza: nimeimba nyuma yake. Hakugeuka. La pili: nimepiga chafya ya uongo. Amesema pole, akaendelea kulima. La tatu: nimeangusha sinia la chuma kwenye saruji.

Alikwenda chini. Jembe kule, yeye huku, kidevu kifuani, mikono miwili juu ya kisogo. Binti akacheka. Mimi pia nilicheka – kidogo tu, kisha nikamkimbilia kumwinua.

Ameinuka mwenyewe. Amesema, bila hasira, kwamba tunacheza vibaya. Amenawa, ameketi kwenye kiti kilichogusa ukuta. Mpaka jioni shingo yake ilikuwa ngumu kama kuni. Nimemsugua kwa mawese ya moto na chumvi.

– Ilianza lini?

– Zamani.

– Infirmier wa zahanati anasema nini?

– Rhumatisme. Alinipa aspirini.

Rhumatisme, ugonjwa wa viungo vya wazee, kwa mtu wa miaka ishirini na miwili! Nimesugua mpaka akalala akiwa ameketi. Ni shingo nzuri sana, hata hivyo.

Jumapili, 6 Mei

Misa. Nilivaa nguo yangu ya kijani ili watu waione, yeye akanipeleka benchi la mwisho kabisa, mgongo ukutani. Nikamnong'oneza kwamba huku hatuonekani. "Lakini sisi tunaona wote," akasema.

Nimekumbuka: hata kwetu, siku alipokuja kuniposa, alihamisha kiti chake mpaka ukutani. Nilimwambia dada yangu kwamba ni unyenyekevu. Nilikipenda sana kile kiti.

Jumanne, 8 Mei

Habari kubwa! Hilaire atapewa lori. Si camionnette – lori lenyewe, tani saba, la kwenda ng'ambo ya mto kuleta kahawa kutoka njia ya Opala. Papa Asumani aliyeliendesha miaka yote amechoka, anataka kupumzika, na yeye mwenyewe amemtaja Hilaire kwa patron, mwenye kampuni. Mimi tayari nimeshaketi pembeni yake ndani ya lori hilo, nimefunga kilemba cha njano, nawapungia watu wa Lubunga kule ng'ambo.

Kuna mtihani. Jumamosi, kwenye beach, pale malori yanapovukia mto. Malori yanapanda bac, kile kivuko cha chuma, kinyumenyume, ili ng'ambo yashuke uso mbele. Na vioo vya lori hilo vinaonyesha magunia tu. Kwa camionnette vioo vinamtosha. Hapa ni lazima dereva atoe kichwa dirishani aangalie nyuma kwa macho yake, magurudumu yakipita juu ya mbao mbili tu, na mto chini. Papa Asumani hataki mtu wa kuelekeza. Anasema mwenye kuelekeza akipata malaria, kahawa itangoja apone?

Hilaire amenieleza haya yote akiangalia sahani. Hakula. Kisha akasema atakataa.

Nimekasirika. Ndiyo, siku ya kumi na moja ya ndoa, ugomvi wetu wa kwanza! Nimesema: kwa ajili ya kugeuza shingo tu? Kitu anachofanya hata kuku? Ameondoka mezani. Kuku! Natamani ningelimeza neno hilo.

Alhamisi, 10 Mei

Nimekwenda sokoni kwa yaya Angèle, dada yake mkubwa aliyemlea. Nilijidai nataka sombe, majani ya muhogo. Amenitazama, akasogeza kibao kwa mguu: "Keti, muke ya ndugu yangu. Sombe iko kwa mama yule pia, donc si sombe umekuja kutafuta."

Kwa hiyo nimemwuliza. Aliendelea kuchambua majani, na sauti aliishusha.

Ni mwaka wa sitini na nne. Hilaire alikuwa na miaka kumi na mitatu. Simba, wale waasi wa vita, walipita avenue kwa avenue wakichukua vijana. Walimchukua yeye na rafiki yake Hubert wa nyumba ya pili, waliokuwa wakiketi deski moja. Waliwanyunyizia maji ya dawa na kuwapa sheria: usimpe mtu mkono, usimguse mwanamke, usiangalie nyuma. Anayeangalia nyuma, maji yanamtoka, risasi inaingia.

Siku ile ndege za askari wazungu ziliposhuka kiwanja cha Simi-Simi, waliambiwa waende mbele. Hubert alikuwa nyuma yake. Hubert alimwita: ningoje. Hilaire hakugeuka, sheria ni sheria. Akafika mbele peke yake, na Hubert hajaonekana tena.

"Alirudi siku ya tatu," yaya Angèle akasema. "Anatembea wima hivi, kama mutu mwenye kubeba chungu kichwani. Mpaka leo chungu hajatua."

– Hamkumwuliza kitu?

– Kwa mji huu? Kila nyumba iko na yake. Nani atauliza nani?

Akanipa sombe bure. Nimerudi kwa miguu njia nzima, na mara tatu nimegeuka nyuma, bila sababu.

Ijumaa, 11 Mei

Nimelipa mikate kumi. Nimeinunua kwa Mama Kadidja na kumpa msichana wake. Mama Kadidja anasema dau kama hili anataka kila wiki.

Asubuhi sikusimama mlangoni. Nimetangulia mpaka kona, nikamngoja pale, nikapunga kitambaa akija kwangu, uso kwa uso. Alicheka! Kisha akaacha.

"Ni nani amekuambia?"

Nikasema yaya Angèle. Nikasema pia, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwamba lile neno la kuku nalirudisha. Akashika ncha ya kitambaa changu. Wafanyakazi walikuwa wanapita na baiskeli, citoyen hapa, citoyen pale, na sisi katikati ya njia.

Alisema hivi, naandika kama nilivyosikia: "Hubert hakuita kwa woga. Aliita kama mtoto aliyechoka, kama tukitoka shule." Mimi nikamwambia ile dawa imekwisha, Hilaire, hakuna risasi tena. Akatikisa kichwa, kidogo, kadiri shingo inavyokubali.

"Siogopi risasi, Péla. Naogopa nigeuke, nikute hakuna mutu."

Kisha akaenda kazini. Sijui kama kesho atafika beach. Sikuthubutu kuuliza.

Ila nimetoa kilemba cha njano sandukuni.

Jumamosi, 12 Mei, beach, juu ya bac

Naandika nimeegemea chuma, daftari juu ya mkono, herufi zitanisamehe. Mto ni kahawia, umejaa. Hilaire amekuja! Amevaa shati lile la siku ya kwanza. Papa Asumani amesimama kando, anatafuna kola. Patron ameketi kwenye gari lake, mlango wazi.

Nimeomba watu wa bac waniache nisimame huku mwisho, mahali pa gurudumu la mwisho kufika. Mmoja alisema mama, utakanyagwa. Nikasema sitakanyagwa, dereva ni mume wangu. Akasema ndiyo sababu anasema hivyo. Watu wote wamecheka.

Lori limewashwa. Limerudi mita mbili, tatu. Sasa limesimama, gurudumu moja juu ya ubao, moja bado kwenye mchanga. Lori lingine linapiga honi kule juu. Naona magunia waliyopakia kwa mtihani, na ukingo wa dirisha, na kiwiko chake. Hajui kwamba niko hapa. Hakuna aliyemwambia.

Mtu wa kumwita ni mimi. Nyuma yake, kama Hubert. Nitaita jina lake la nyumbani, lile lililokatazwa, mbele ya patron na mbele ya mkubwa wa chama kama yupo, na nitasema niko hapa.

Nimeita.

Kiwiko kimeingia ndani. Mota inaunguruma, lori haliendi. Papa Asumani ameacha kutafuna.

Naita tena, kwa sauti ya mtu ambaye hajachoka. Kilemba nimekifungua, nakishika juu kwa mkono mmoja.

Vidole vyake vimeshika ukingo wa dirisha. Sasa bega. Sasa sikio. Sasa jicho, na jicho limenikuta.