Kwa Baba, Fundi wa Makochi, Uliyemkaribisha Mgeni Kifuani

Mwaka umezunguka, Baba, tangu utuage. Kalamu nimeachiwa mimi, binti yako, mtoto wa kati, kwa sababu Kaka anadai hajui kuandika na Mama anasema akianza hatamaliza. Wewe ungesema wamenionea. Wamenionea kweli, ila nimekubali.

Tulitaka kulia kidogo kwenye karatasi hii, kisha tukakumbuka kwamba kilio kirefu kilikuwa kinakuchosha. Basi tutashukuru. Miaka minane uliyoishi na moyo wa mtu mwingine ilikuwa nyongeza, na nyongeza hailalamikiwi.

Kabla ya hapo moyo wako ulikuwa umechoka kabisa. Wewe uliyezoea kubeba kochi zima mgongoni ukawa unapumzika njiani kati ya kitanda na mlango. Ulilala umekaa, umeegemea sponji la mteremko ulilojikatia mwenyewe, na ukajisifu kwamba karakanani halijawahi kutoka sponji zuri kama lile. Daktari akasema dawa zimefika mwisho, kilichobaki ni kupata moyo mwingine. Mama akaficha chumvi. Ukapelekwa kung'olewa jino bovu, maana hata jino lingeweza kuleta balaa baada ya upasuaji, ukarudi unanung'unika: "Nimekwenda kuomba moyo, nimenyang'anywa jino." Begi lako likakaa tayari nyuma ya mlango. Na ukaonywa simu isiwe mbali nawe hata kidogo, kwa sababu moyo ukipatikana hausubiri mtu.

Nyundo hukuiweza tena, lakini kubaki nyumbani ulikataa. Ulikaa kwenye kigoda karakanani ukimsimamia Kaka. Siku ile alikuwa anamalizia kochi la mwalimu mstaafu. Uliinama kumwonyesha mkunjo, simu ikachomoka mfukoni mwa shati lako ikaingia ndani ya kochi, na hakuna aliyeiona. Kaka akalaza sponji, akavuta kitambaa, akapigilia. Kazi safi. Halafu kochi likaanza kuita.

"Pasua," ulimwambia.

"Baba, kitambaa kipya hiki. Mwenyewe anakuja jioni."

"Pasua, mwanangu. Mwenyewe nitaongea naye nikirudi."

Simu ilikatika kabla kisu hakijafika. Kaka husema hajawahi kuogopa ukimya kama ule. Ikaita tena, mkono wake ukiwa tayari ndani ya kochi hadi begani, na ilikuwa hospitali: moyo umepatikana, njoo sasa hivi. Mwalimu aliposikia habari hiyo alikataa kubadilishiwa kitambaa. Alitaka pale palipopasuliwa pashonwe kwa mkono, paonekane. Mpaka leo akipata mgeni humkalisha hapo, apate sababu ya kusimulia.

Ulipozinduka baada ya upasuaji, jambo la kwanza uliloomba ni kioo. Ukaukagua mshono wa kifuani, ukamwambia daktari kwamba ni mzuri, ila wewe ungeanzia chini. Daktari wa watu akacheka mpaka akashika kitanda.

Haikuwa rahisi, Baba, na hatutajifanya ilikuwa rahisi. Dawa za kuuzuia mwili usiukatae moyo mpya zilikuwa nyingi na hazikuruhusu kuchelewa. Barakoa, vipimo, sindano za shingoni za kuuchunguza moyo. Majirani walikusalimia dirishani, wasije wakakuambukiza. Vumbi la makochi ya zamani likawa adui, kwa hiyo kazi ya kubomoa akaachiwa Kaka, nawe ukabaki na kushona. Lakini zile dawa zilikutetemesha mikono. Tulikuona ukipambana na tundu la sindano, ukijifanya uzi ndio mbovu.  Mama alivuta kiti, akaanza kukutilia uzi, sindano baada ya sindano, na kila asubuhi ulizikuta zimejipanga kwenye kipande cha sponji. Mikono ilipotulia aliendelea tu, na wewe ulimwacha.

Moyo wako uliuita Mgeni. Daktari alikueleza kwamba moyo uliopandikizwa hauchangamki haraka kama wa kuzaliwa nao, ni lazima upashwe kwanza. Basi kabla ya kupanda ngazi yoyote ukawa unatembea papo hapo chini yake, unanyanyua magoti, watu wanapita wanakushangaa. "Msinikimbize, Mgeni hajaamka," ulisema. Na aliyetaka kukuonea huruma ulimjibu kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu wako amekwishapewa.

Jina la aliyekupa moyo hukuambiwa. Ulijua tu kwamba alifariki siku ile na kwamba watu wake, wakiwa na msiba wao, walikubali. Hilo lilikukaa. Kila mwaka, siku ya upasuaji wako ilipofika, tulipika, tulicheka, lakini kabla ya kula ulisimama na kusema, "Leo kuna nyumba inalia." Tukanyamaza nawe mpaka ulipokaa.

Ulipopata nguvu ulirudi hospitali na sponji begani, ukaomba ruhusa, ukalivalisha lile benchi la mbao la kwenye korido tulikokusubiria. Ulisema wanaosubiri kupata na wanaosubiri kupoteza wote wanakaa hapo, na wote yanawauma makalio. Na ulituusia: "Siku yangu ikifika, ulizeni kama kuna kinachofaa. Kitambaa hakichakai chote."

Siku yako ilifika kwa kiharusi, ghafla. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi lako muuguzi alipotujia taratibu, akasema macho yako yanaweza kuwasaidia watu wawili wasioona. Hatukudhani itakuwa vigumu vile, Baba. Wewe umelala pale, bado una joto, halafu tuulizwe. Kitinda mimba alitikisa kichwa, hapana. Kaka alitazama chini. Mama aliupapasa ule mshono wa benchi kwa kidole, muda mrefu, kisha akasema, "Kuna watu walikaa hivi hivi kwa ajili yetu." Akakubali, na sisi tukakubali nyuma yake.

Anakukumbuka mkeo, ambaye bado anatia uzi kwenye sindano kila siku, sasa kwa ajili ya Kaka. Anakukumbuka Kaka, asiyefunga kochi kabla ya kupapasa mifuko ya wote waliomo karakanani. Tunakukumbuka binti zako wawili, wajukuu wako wanaonyanyua magoti chini ya ngazi bila kujua kwa nini, na mwalimu mwenye kochi.

Jioni hii tutapika, na kabla ya kula Mama atasimama. Mwaka huu nyumba inayolia ni yetu. Mahali fulani kuna nyumba inayocheka, na kwa hilo tunashukuru.

Hutatutoka moyoni, Fundi.