Hodi ya Bomba la Oksijeni

Munuki, Juba

Kwako Kaka Dut,

Salamu nyingi zikufikie huko Eldoret, wewe, shemeji na watoto. Je, kifua cha Ayom kimepona? Mimi ni mzima wa mwili tu, kaka. Maji yamenifika shingoni.

Mama amelazwa katika hospitali ninakofanya kazi. Aliingia na nimonia, akawekewa oksijeni, akaanza kula na kugombana na masista kuhusu chai yao. Jumamosi alizimia. Hajaamka mpaka sasa, na daktari hataki kunitazama usoni.

Unamjua Mama: geti halifunguliwi mpaka anayebisha ataje jina la nyanya Awien. Hata baba mdogo aliwahi kuachwa juani, nasi tukicheka ndani. Kazi yangu ni hiyo hiyo. Ndani ya seva moja tuna kompyuta pepe kadhaa, yaani kompyuta za programu tu zinazoishi ndani ya mashine hiyo moja, na ile ya wodi imefungwa ili hata programu inayozisimamia zote isichungulie siri za wagonjwa. Msimamizi huyo anaruhusiwa kupiga hodi tu, kuiarifu kwamba kuna jambo. Lakini wezi wa mtandaoni wakimteka anaweza kupiga hodi za uongo. Kila hodi huja na namba ya kifaa kilichoipiga, kwa hiyo niliifundisha kompyuta ya wodi ipokee hodi za namba ninazozijua, nyingine izinyamazie. Nilijivunia sana.

Edrine, fundi wetu Mganda, alifunga kipimo kipya kwenye bomba la oksijeni. Jumamosi oksijeni ilishuka. Kipimo kikapiga hodi, msimamizi akaifikisha, kompyuta ya wodi ikainyamazia. Kwenye skrini ya sista kila kitu kilikuwa kijani. Mkurugenzi amemfukuza Edrine akidai alifunga vibaya, na jamaa zetu wanamtafuta mtaani kwa hasira.

Kaka, Edrine hana kosa. Ijumaa alinifuata akasema, "Madam Adit, kipimo iko napiga hodi, lakini mashine yako nakataa. Ongeza namba yake." Nilimjibu asinifundishe kazi, nitaongeza Jumatatu. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimemwingiza Mama. Leo nakwenda kumwambia mkurugenzi, kisha jamaa zetu. Naogopa mno.

Njoo, nakuomba. Nisalimie shemeji, na Ayom umbusu. Ukifika usihangaike kutaja jina la nyanya. Tangu Jumamosi siwezi kulifunga geti.

Ni mimi mdogo wako,
Adit