Ukurasa wa Radi

Mjukuu wangu Nekesa,

Tunakusalimu kutoka Tuwan. Nyanya yako bado anasumbuliwa na kifua, na mahindi yamelazwa na mvua. Umeniuliza, kati ya vitabu vya fizikia mlivyopewa mvipime hapo chuoni Kibabii, utajuaje kinachowafaa watoto wa kidato cha kwanza.

Nilisoma na Simiyu, kijana wa Bungoma. Somo la radi alilijua kutushinda sote, maana kitabu kilieleza umeme wa mawinguni kwa michoro mizuri sana. Jioni moja mvua ilitukuta tukitoka shule. Mimi nilikimbilia dukani, yeye akajikinga chini ya mkaratusi mrefu. Hayo mengine sitakuandikia.

Baada ya mazishi mama yake alinishika mkono. "Ati alikuwa namba moja kwa hilo somo. Sasa hicho kitabu hakikumwambia asisimame pale?"

Nilienda nikakifungua, nikasoma sura yote mpaka mwisho. Hakikusema.

Kwa hivyo usianze na hesabu wala picha. Fungua ukurasa wa radi, uusome kama vile yule mama ameketi kando yako.

Babu yako