Dakika Kumi na Tisa za Mwamgongo

Kigoma mjini, Jumanne, 14 Januari 2025

Kwako Babu Telesphory,

Shikamoo Babu. Natumaini goti limetulia na kikohozi kimekuacha. Mimi mzima, ila mjini mvua haikatiki na viatu vyangu vimeanza kunuka kama kambare.

Nakuandikia kwa karatasi na kumpa nahodha Meshack kwa sababu ile simu uliyopewa na kampuni yetu ya dagaa, kila kinachoandikwa humo Madam anakiona. Madam ni meneja wetu mpya, Elinipa, mtu wa Same, kaletwa Novemba. Babu, huyu mama ni moto. Kaja na akili mnemba, ile programu ya kompyuta unayoiuliza jambo ikakujibu kama mtu. Ripoti ya wiki iliyokuwa inanila siku mbili, sasa naimaliza kabla chai haijapoa. Barua za wateja, ratiba za maboti, inaandika yenyewe, mimi napitia na kusahihisha. Nimeanza kutoka kazini jua likiwa bado lipo!

Sasa nisikilize. Unajua niko kwenye majaribio ya kazi mpaka mwisho wa Februari. Madam kanipa kazi moja ya kunipima: nipunguze muda wa kupokea dagaa kwenye kituo kimoja. Kituo chenyewe ni cha Mwamgongo, chako wewe karani. Nimeipa mashine kumbukumbu za miezi mitatu, kutoka kwenye kile kitufe cha simu unachobonyeza mtu akifika na akiondoka. Imesema mama mmoja akileta dagaa kwako anatumia dakika kumi na tisa. Kupima ni dakika nne. Kumi na tano zilizobaki haikuona zina kazi gani. Mimi na wewe tunajua: salamu.

Nakuomba Babu, kuanzia Jumatatu, mtu akifika iwe: "Weka mzigo, pima, andika, asante, anayefuata." Tukishuka mpaka dakika saba napata mkataba wa kudumu. Tukishindwa, narudi kijijini kujifunza kuanika dagaa na diploma yangu.

Mjukuu wako,
Dainess

Mwamgongo, 18 Januari 2025

Kwako Dainess, mkuu wa dakika,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Goti linatabiri mvua kuliko redio. Kikohozi kimehamia kwa jogoo. Wewe hujambo? Unakula? Au chakula nacho mashine inakula kwa niaba yako?

Barua nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Hiyo akili yako, ulipoingia ofisini iliitikia hodi? Ilikuuliza babu yako anaendeleaje? Basi adabu haina, lakini akili ninaikubali. Kugundua kwamba Telesphory ni mdomo, wenzangu hapa iliwachukua miaka thelathini.

Ungeniomba niache ugoro ningekutukana. Salamu nitaacha, kwa ajili ya mkataba wako. Jana nimefanya mazoezi: nimempita paroko njiani bila kumwamkia. Alisimama akanitazama mpaka nikakata kona. Kumbe inawezekana.

Ninayemwogopa ni Fébronie. Yule mama wa Kirundi ambaye wazazi wake walikuja naye mgongoni mwaka wa sabini na mbili, wakikimbia mauaji kwao. Ndiye kiongozi wa akina mama wanaoanika upande wa kaskazini. Salamu yake inahitaji kiti. Anaanza na "amahoro", yaani amani, anapiga makofi ya taratibu, anakuulizia wewe, kuku, bati lililong'oka, mpaka marehemu bibi yako anamuulizia kama anapumzika vizuri. Asubuhi yangu yote huwa inapendeza kwa sababu hiyo, na usicheke, mimi ni mjane halali.

Jumatatu tutaona.

Babu yako,
Telesphory, darasa la nne (nililiacha mimi, halikuniacha)

Mwamgongo, 25 Januari 2025

Kwako Dainess,

Habari za uzima? Nauliza kweli, maana huku umekufa.

Kaa chini nikusimulie. Jumatatu asubuhi Fébronie ndiye wa kwanza. "Amahoro, mzee," mikono tayari kwa makofi. Mimi nikasema, "Weka mzigo." Akageuka nyuma kuangalia naongea na nani. "Mzee, umelala vibaya?" Nikasema, "Pima." Dakika tano! Jumanne, dakika nne. Wamama wanapita mbele yangu kimya kama wanaenda kupokea komunyo, na mimi macho kwenye simu, nachunga kitufe chako.

Jumatano mpaka saa mbili hajaja mtu. Nikajisifu, nikadhani tumekwenda kasi mpaka kazi imeisha. Nikaenda chooni. Natoka, nakuta mbele ya banda wanawake kama arobaini wamekaa kwenye mikeka. Hakuna hata mmoja aliyeleta dagaa. Wameleta unga, kuni na masufuria. Fébronie akanishika mabega: "Pole mzee wetu. Tuambie tu, usibebe peke yako." Wakaangua kilio.

Mjukuu wangu, nililia kwanza, nikauliza baadaye. Ukikuta watu arobaini wanalia kwako huwezi kusimama mkavu.

Nilipopata pumzi nikauliza, "Nani kafa?" Wakatazamana. "Si Dainess?"

Walikuwa wamejumlisha. Mzee hasalimii. Mzee haondoi macho kwenye simu. Mjukuu wake yuko mjini. Wakamuuliza paroko, akasema hata yeye nimempita kama mti. Hesabu ikakamilika, ukafa.

Ikabidi nitoe barua yako kuthibitisha uhai. Fébronie akaisoma kwa sauti mpaka pale pa "weka mzigo, pima, andika, asante, anayefuata". Kisha mama mmoja akaanza kucheka, likawa jambo la kijiji kizima. Ugali ulikuwa umeshasongwa, tukaula. Umesindikizwa vizuri, mboga zilitosha.

Siku hiyo hatukupima hata kiroba kimoja. Na bado Alhamisi simu imelia na kunipa nyota: karani bora wa wiki! Maana siku ambayo hakuna mtu aliyepimiwa, haikuhesabiwa.

Nimewaeleza akina mama kisa cha mkataba wako. Wamekubali kunisalimia kwa macho tu mpaka Februari iishe.

Babu yako mfiwa,
Telesphory

Kigoma mjini, 8 Februari 2025

Kwako Babu,

Shikamoo kutoka kwa marehemu. Barua yako nilicheka mpaka walinzi wakaja kuchungulia. Nilitaka kukujibu siku ileile, Madam akanisimamisha kwenye kikao nieleze "mbinu mpya ya Mwamgongo". Walinipigia makofi. Nikaona nikuandikie nikiwa na furaha zaidi, na sasa furaha yenyewe imekwisha.

Jana kwenye ghala la Ujiji wamefungua viroba kumi na saba vyenye ukungu. Juu dagaa safi, chini zimelowa na kunuka. Vyote kumi na saba vimepokelewa kwako kuanzia tarehe ishirini Januari. Miezi mitatu nyuma huna hata kiroba kimoja kibovu. Madam kasema karani wa Mwamgongo kazeeka, hakagui tena, na mwisho wa mwezi utaletewa barua ya kuachishwa.

Babu, sijamwambia kwamba mimi ndiye niliyekukimbiza. Hajui kuhusu barua zetu. Kwenye ripoti niliandika tu "utaratibu umeboreshwa" nikatia sahihi. Nikisema, mkataba umekwenda. Nisiposema, umekwenda wewe.

Ilikuwaje?

Mjukuu wako,
Dainess

Mwamgongo, 11 Februari 2025

Kwako Dainess,

Marahaba. Mimi mzima, na viroba ni kweli.

Mvua ya huku inachagua. Inaweza kunyesha kwa Fébronie huku kwangu nimekaa juani. Mimi nitajuaje? Najua anaponisalimia. Namuuliza mmeamkaje, anasema mvua iliwakuta na chanja mbili za kuanikia dagaa ziko wazi, wakaokoa moja. Nikisikia hivyo natumbukiza mkono mpaka chini ya kiroba. Hizi wiki tatu nimetazama juu tu, juu palikuwa pakavu. Hakuna aliyenidanganya. Hakuna aliyeulizwa. Na nani ataanza kumwambia habari za chanja mzee anayemwambia "anayefuata"?

Sasa nisikilize mimi. Nina miaka sabini na moja. Nikiachishwa nitakaa barazani niseme watu, kazi niliyoumbiwa. Wewe ndiyo unaanza. Mwache Madam aamini nimezeeka, si uongo sana. Nyamaza, chukua mkataba. Hii ni amri.

Babu yako

Mwamgongo, 19 Februari 2025

Kwako Dainess,

Hujambo? Meshack amekuja mara tatu mikono mitupu. Kunyamaza nilikokuamuru ni kwa Madam. Kwangu uongee.

Babu yako

Kigoma mjini, 21 Februari 2025

Kwako Babu,

Shikamoo. Nisamehe ukimya, na nisamehe kwa kuvunja amri. Wiki nzima nilifika mlangoni kwa Madam nikarudi. Jana niliingia. Nilimweleza yote, kisha nikampa barua zako asome mwenyewe.

Alizisoma moja moja. Alipofika kwenye msiba wangu akageukia dirishani, mabega yakawa yanatikisika. Sikujua analia au anacheka. Kisha akasema, "Mashine haikukosea, Dainess. Uliiuliza dakika, ikakupa dakika. Hukuiuliza dagaa." Habari ya mkataba hakuigusa kabisa.

Jumatatu anakuja kwako na boti la Meshack, anataka kuona kwa macho yake hizo dakika kumi na tano zina nini. Wasalimie akina mama kama zamani. Na tafadhali Babu, usimtanie.

Mjukuu wako,
Dainess

Mwamgongo, 25 Februari 2025

Kwako Dainess mkaidi,

Marahaba. Nimekukasirikia siku nzima ya Jumamosi. Jumapili nikachoka.

Madam wako amekuja. Sikumtania. Nilimuuliza tu kama ile rangi ya matembele usoni ni ya kuzaliwa au ameipatia kwenye mawimbi ya Gombe. Akaniambia ametapika mara nne. Fébronie akafika na viroba vyake, akamwona mgeni, akaanza makofi: "Amahoro mama, ziwa limekutesa?" Madam akaangalia saa. "Niko salama, tuanze kazi." Fébronie hakumwachia mkono. "Na watoto umewaacha na nani?"

Mjukuu wangu, Madam akakaa juu ya kiroba. Watoto wako Same kwa mama yake. Hajawaona tangu Novemba. Na kila Ijumaa makao makuu wanampigia kumuuliza ameshusha dakika ngapi. Kumbe naye anapimwa! Uji ukaletwa, akanywa vikombe viwili, akatuambia na majina ya watoto, na kwamba mdogo ameng'oka jino la mbele.

Zamu yangu ikafika. "Fébronie, mmeamkaje?" "Tumeamka mzee, ila mvua ya alfajiri imetuwahi, chanja ya mwisho imelowa." Nikatumbukiza mkono. Viroba vitatu nikaviweka pembeni virudi juani. Madam alikuwa na kikombe mdomoni.

"Hilo liko wapi kwenye fomu, mzee?"

"Halipo, Madam. Fomu hiyo ni ya kupima tu."

Akafikiri. Akachukua simu yangu, akaifungulia ile mashine yenu, akaniambia nisimulie humo niliyoyasikia asubuhi. Nikaongea kama napiga soga. Nilipomaliza, mashine ikawa imeandika ukurasa mzima: mvua, chanja, viroba vitatu, jina langu juu. Mimi ambaye mistari kumi naiandika nusu siku, ulimi nje! Hapo nimeiheshimu. Nimeitikia marahaba ingawa haikuniamkia.

Alipopanda boti nikamuuliza kuhusu wewe. Akasema utaambiwa na yeye mwenyewe, uso mkavu kama Ijumaa Kuu. Nimeshindwa kumsoma.

Fébronie alitumia saa moja na dakika kumi. Nimebonyeza kitufe kwa uaminifu.

Babu yako,
Telesphory

Kigoma mjini, 28 Februari 2025

Kwako Babu,

Shikamoo Babu, na salamu nyingi kwa wote walionilia.

Sikupata mkataba. Wala sikufukuzwa. Madam kaongeza majaribio miezi mitatu kwa sababu nilitia sahihi ripoti nikijua imeficha jambo, halafu nikakaa nalo wiki mbili. Ni haki yangu.

Barua yako ya kuachishwa ameichana mbele yangu. Zile dakika kumi na tano zimeingia kwenye fomu, na kazi yake imeandikwa: ukaguzi. Na mimi ananihamishia Mwamgongo. Nikae pembeni yako nisikilize mnavyosalimiana, niandike mambo yote ambayo mashine inapaswa kuulizwa, tuanze upya. Mpaka mwisho wa Mei kisipotokea kiroba cha ukungu, mkataba ni wangu. Kikitokea, basi.

Babu, naogopa. Sijawahi kuanika dagaa wala kupokea. Nije na nini? Nianzie wapi?

Mjukuu wako,
Dainess

Mwamgongo, 1 Machi 2025

Kwako Dainess,

Marahaba. Wewe hofu inakutafuna na mimi ninacheza peke yangu jikoni.

Njoo na buti za mpira na mikono isiyoogopa kunuka. Kompyuta lete pia, nina mambo ya kuiuliza kuhusu jirani yangu. Uanzie wapi? Fébronie amekwisha kukupangia. Kesho kutwa watakuwa ufukweni, wale wote arobaini, kila mmoja anataka kukushika ajue kweli ni nyama. Kutoka kwenye boti mpaka bandani ni hatua mia mbili, nakadiria utafika baada ya adhuhuri. Madam asitegemee ripoti ya siku hiyo. Utaulizwa kila kitu, ujibu kila kitu, na wewe uulize. Usiandike. Kariri chanja ya nani inavuja, mtoto wa nani anaumwa, nani kaanika mchangani akatuletea kokoto. Jioni tutaisimulia mashine, yeye ana mikono mingi.

Mei ni mbali na mvua bado ipo, sikuahidi kitu. Lakini tutatumbukiza mikono wawili.

Meshack ananipigia kelele, boti linaondoka. Barua hii ikikukuta hujafunga mzigo, umechelewa.

Babu yako,
Telesphory, karani wa ukaguzi