Mke wangu aligusa kebo ya klachi, mimi nikamcheka

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee hivyo hivyo, maana hali niliyo nayo ni ya mtu wa kumwamkia kila mtu. Naomba unisaidie. Mimi ni fundi pikipiki, huu mwaka wa ishirini na mbili, pale gereji wananiita Profesa na sijawahi kuwakataza, na mke wangu ni mkunga, anawafuata akina mama majumbani kwao kwa pikipiki aliyoachiwa na shangazi yake ambaye naye alikuwa mkunga, chombo cha zamani, kizito, kiki yake ya kuwashia kwa mguu ililika meno hata hatukumbuki lini, kwa hiyo huwashwa kwa kitufe tu au isukumwe.

Mwanzoni mwa mwaka nikasema ngoja nimfurahishe mwenzangu, nikaifungua pikipiki yote mpaka ikabaki mifupa, nikaipaka rangi ya bluu, mikono miwili, tabaka juu ya tabaka, nikapaka hadi sehemu ambazo hakuna jicho litakalofika, na alipoiona alilia. Haikupita wiki mbili vituko vikaanza, akibonyeza kitufe inasema tak, basi, au inazunguka kivivu nusu mzunguko halafu inanyamaza, na cha ajabu taa inawaka vizuri kabisa, haififii hata kidogo, honi inalia mpaka majirani wanageuka, ila staata, ile mota ya kuizungusha injini, haina nguvu. Nikabadilisha betri, tak. Nikabadilisha rilei, ile swichi inayoipa staata umeme, tak. Nikashusha staata yenyewe nikaitia kaboni mpya, tak.

Siku moja mke wangu alikuja gereji, na shemeji yangu, kaka yake, alikuwepo amekuja kuziba pancha, na wenzangu wote wamesimama wanatoa ushauri wa bure, mimi nabonyeza kitufe, mke wangu ameegemea usukani, mara akaweka mgongo wa kiganja chake juu ya kebo ya klachi, vile anavyompima mtoto kwenye paji la uso, akasema, "Hii kebo ina homa."

Tukacheka wote. Nikamwambia, "Mama watoto, kebo ya klachi kazi yake ni kuvuta, haina umeme. Hilo ni joto la jua." Tulikuwa kivulini, mshauri. Akasema, "Gusa basi." Sikugusa. Nikaona watu wananitazama nikasema neno ambalo natamani ningelimeza: "Unajua kinachoiua hii pikipiki? Ni wewe na ndoo yako ya sabuni. Umeingiza maji kwenye nyaya. Kuanzia leo usiiguse." Shemeji akaangalia viatu vyake.

Basi akaanza kwenda kazini kwa miguu, mkoba begani, na kuna siku alifika kwa mama mmoja akakuta mtoto ameshatoka, amepokewa na jirani asiyewahi kuzalisha. Namshukuru Mungu mama mzima na mtoto mzima, lakini mke wangu alirudi akakaa kwenye ngazi ya mlango bila kuvua viatu, na mimi nikapita pembeni yake kama mgeni.

Kesho yake mchana wenzangu walipokwenda kula nikabaki peke yangu na ile pikipiki, nikabonyeza kitufe huku mkono wa kushoto umekamata kebo ya klachi bila kukusudia, nikaruka. Iliniunguza! Nikasimama pale nikisikia sauti ya mke wangu wazi kabisa, gusa basi. Nikachukua waya mnene wa kuamshia magari, ncha moja kwenye hasi ya betri, ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, nikabonyeza, ikawaka kabla kidole hakijatulia. Nilikaa chini, mshauri, kwenye mafuta, na suruali safi.

Halafu nikafungua bolti ya waya wa ethi, ule mweusi unaorudisha umeme kutoka kwenye injini hadi kwenye fremu, na chini ya ile bolti nikakutana na rangi yangu mwenyewe, bluu, mikono miwili, inang'aa. Umeme ulikuwa unafika kwenye staata bila shida, ila ukitaka kurudi kwenye betri unakuta mlango umepakwa rangi, ndipo ukajipenyeza kwenye kile kikebo chembamba cha klachi, njia pekee iliyobaki, mpaka kikapata moto. Umeme haujui klachi ni nini, unachojua ni kurudi. Miaka yote hii nashika nyaya na sikuwahi kuliona jambo hilo likifanyika mbele ya macho yangu, na mpaka leo nikilifikiria nywele zinanisimama, na zaidi nikifikiria ule mkono ulioligundua bila spana wala mita.

Nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikapaka grisi kidogo, nikakaza, ikawaka mara saba mfululizo. Nikaipeleka nyumbani nikamwambia, "Ilikuwa staata, nimeiweza." Sijui kwa nini nilisema vile, ulimi ulitangulia. Akasema, "Hongera." Nikaiwasha mbele yake, akaweka tena mgongo wa kiganja kwenye kebo, akasema, "Homa imeshuka," nikacheka nikijua ananitania. Akachuchumaa, akapitisha kidole pembeni ya ile bolti, akauliza, "Hapa rangi imetoka?" Nikamjibu imechubuka tu. Akasema, "Aa," akaenda kunawa mikono.

Wiki ya tatu sasa funguo iko kwenye msumari na yeye anatembea. Nikimwambia achukue pikipiki ananijibu, "Si ulisema nisiiguse?" Naona bado anaogopa kuiharibu kwa maji. Nikisema ukweli nitamtoa hofu lakini gereji nzima itanicheka na shemeji hatanisahau, nikinyamaza basi kila asubuhi namtazama akikata kona na ule mkoba. Nifanyeje?

Ni mimi, fundi mwenye rangi ya bluu kwenye kucha.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, fundi. Nimekuzidi umri, na baada ya barua yako naona nimekuzidi na macho.

Kwanza nikiri jambo. Mambo ya nyaya siyajui, kwa hiyo nilimsomea barua yako bwana anayetutengenezea feni hapa ofisini. Tulipofika kwenye kebo yenye homa aliweka kikombe chini. Tulipofika kwenye rangi chini ya bolti alisimama. Akaniambia mafundi wengi wangeshabadilisha nusu ya pikipiki ndipo wakumbuke kugusa kebo ya klachi, halafu akauliza kama huyo mama anatafuta kazi. Na mimi nimekaa nayo tangu jana. Mtu amezoea kusikiliza miili isiyoweza kujieleza, akaweka mkono kwenye chuma na chuma kikamjibu. Unaishi na mtu wa namna hiyo, unakula naye, na ulichoona kwake ni ndoo ya sabuni!

Pole kwa aibu, naielewa. Kosa lako la rangi ni la mapenzi, hakuna atakayekuhukumu kwa hilo. Fundi mvivu asingelifanya, maana asingepaka mpaka chini ya bolti. Nakugombeza kwa yaliyofuata. Ulimsingizia mbele za watu, ukamnyang'anya chombo alichoachiwa na shangazi yake, mtoto wa watu akazaliwa mikononi mwa jirani, na ulipoujua ukweli ukajipongeza. Ati staata! Huoni haya?

Sasa sikiliza vizuri. Unasema anaogopa. Isome tena barua yako, Profesa. Aliigusa kebo akakwambia homa imeshuka. Akaenda moja kwa moja kwenye bolti ileile, kati ya bolti zote za pikipiki ile, akakuuliza kuhusu rangi. Mke wako anajua. Alijua jioni ileile kabla hajanawa mikono. Haogopi maji wala sabuni. Anatembea ili aone utamtazama akitembea mpaka lini.

Kwa hiyo usimpeleke chumbani ukamnong'oneze samahani. Uliyasema gereji, ukayafutie gereji. Mwite shemeji, waite wote waliocheka, muda ambao wamejaa. Fungua ile bolti, weka kipande cha plastiki chini yake, kaza, bonyeza kitufe wasikie tak. Kisha kila mmoja aweke kiganja kwenye kebo, wewe wa kwanza, maana uliambiwa uguse ukakataa. Ikishawachoma useme kwa sauti, "Mke wangu aliiona hii siku ileile. Mimi ndiye niliyepaka rangi, na mimi ndiye niliyemcheka." Usiongeze "lakini". Ukiongeza "lakini" umeharibu.

Halafu mpe spana. Atoe mwenyewe kile kipande cha plastiki, akaze mwenyewe, abonyeze mwenyewe. Wakicheka, wacheke. Jina la Profesa ama utabaki nalo au litahama kidogo, na likihama halitakwenda mbali, litalala nyumba ileile.

Funguo mpe baada ya kusema. Akishawasha usimwelekeze jambo lolote, mpishe aende kwa wanaomsubiri. Na wewe siku hiyo, bwana fundi, urudi nyumbani kwa miguu.