Majina Yetu Kwenye Ukuta wa Boma

Jafari, nimeshaondoka mjini, niko njiani kwenda kivukoni Kilambo.

Lile boma wakoloni walimotufunga mimi, wewe na Faraji tulipotoroka shamba la mkonge, sasa ni makumbusho! Binti anayetembeza wageni, Felista, anawaonyesha majina tuliyochora ukutani. Anasema, "Haya waliandika watumwa."

Watumwa, Jafari!

Nikamwambia, "Mwanangu, hilo la kwanza ni langu." Akacheka: "Babu wa Kimakonde, utani wenu hauishi!"

Nikamwonyesha jina la Faraji. Nikasema huyu alifia humu, kichwa chake mapajani mwangu.

Akanipigia makofi! Wageni nao makofi!

Faraji bado yuko pale nyuma alipozikwa, sasa chini ya choo cha wageni. Wewe uko Mpapura, miguu haikubebi. Mimi navuka kwenda Msumbiji. Felista anaendelea kuwaambia watu tulikuwa watumwa.