Moteri ya Wageni

Furaha, uko? Natoka sasa hivi kwenye fête ya shule yetu ya mécanique, pale Ndosho. Bado siamini.

Léopold, yule wa darasa yetu, leo ndiye préfet, mukubwa wa shule, amelia kwenye mikro! Ati wakati ya Zaïre shule hii ilitutayarisha kwa kazi. Ilitutayarisha!

Na ile moteri ya kujifunzia je? Miaka yote ilikaa chini ya kitambaa ya kijani. Inafunuliwa tu siku inspecteur anakuja, na Citoyen Kitwana, préfet wetu wa wakati ule, anasimama pembeni na fimbo: "Musiguse! Ni ya wageni."

Tukapata diplôme. Patron wa garage kule Bunagana akatuambia tutoe filtre ya mafuta. Mimi na Léopold hatukujua hata inakaa wapi. Akatufukuza siku ile ile. Léopold huyo huyo!

Sasa sikia. Kisha kumaliza discours yake, Léopold akafunua moteri ili tupige picha. Furaha, ni ile ile! Inang'aa, hata tone ya mafuta haina.

Nikauliza mutoto mumoja wa mwaka wa mwisho: "Munaifungulaka siku gani?"

Akaniangalia kama mujinga. "Apana, papa. Iko ya wageni."